Bei ya Njia ya Leo

Wanaume watatu waliingia kibandani kwa Denise mchana, watu wakiwa tele kwenye parking ya magari yaendayo Komanda, mjini Bunia. Hawakusalimu. Wa kwanza aliangusha chini simu zote zilizokuwa zikichajiwa mezani. Wa pili alimpiga Denise begani kwa mpini wa jembe, na alipoanguka, wa tatu akamkanyaga mkono wa kulia kwa buti mpaka vidole vikavunjika. Denise alisikia mlio wa mifupa kabla ya maumivu.

"Ile mukono njo inaandikaka," alisema yule mwenye buti. "Ukiandika tena habari ya njia, tutarudia ku kichwa."

Wakatoka wakitembea tu, kama watu waliotoka kununua sigara. Madereva waliwatambua mara moja. Walikuwa walinzi wa Adolphe, tajiri wa malori. Hakuna aliyethubutu kuwashika, kwa sababu mmoja wao alikuwa na bunduki chini ya koti.

Denise alikuwa mjane, mtoto wa wakulima wa Djugu. Mume wake Augustin alikuwa akibeba maharage kwa pikipiki kutoka Mahagi, na alikatwa mapanga njiani asubuhi ambayo nusu ya mji ilikwisha kujua kwamba njia ile ina watu wenye silaha. Habari ilikuwepo, ila haikumfikia yeye. Baada ya kilio Denise hakuwa na pa kurudi; kijiji kilikuwa kimechomwa. Akabaki Bunia, akawa anachaji simu za watu kwa umeme wa jua, na kila dereva aliyekuja kuacha simu alimuuliza: umetokea wapi, umeona nini huko? Aliyojibiwa aliyaandika kwenye tovuti ambayo aliipa jina Njia ya Leo. Kijani maana yake pita. Nyekundu maana yake usitoke. Hakumlipisha mtu.

Jina likaenea. Niania, Gety, Mahagi, popote gari lilipowashwa, mtu angeuliza, "Njia ya Leo inasema nini?" Mama wa mihogo aliuliza, padri aliuliza, na hata askari waliuliza, ingawa kwa kujificha.

Adolphe hakulipenda jina hilo. Biashara yake kubwa haikuwa malori, ilikuwa hofu. Alikuwa na gari la watu wenye bunduki lililotangulia msafara, na kila mwenye lori aliyetaka kufuata nyuma yake alilipa. Siku ambazo njia ilikuwa mbaya kweli, watu walilipa wakashukuru. Lakini hata siku za utulivu Adolphe alitangaza kwamba kuna hatari, na watu walilipa vilevile kwa kuwa hawakuwa na njia ya kujua. Njia ya Leo ilimnyang'anya siku hizo za utulivu. Wenye lori mojamoja, kama Osée, mdogo wake marehemu Augustin, walianza kupita peke yao na kushusha nauli, na abiria wakawafuata.

Alipoona kwamba Denise amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, Adolphe alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni akiwa amevaa shati jeupe, akitazama mkono uliofungwa plasta.

"Mama Denise, pole ya mukono."

"Aksanti, patron. Watu yako balifanya kazi muzuri."

"Miye niko mufanyabiashara. Niuzishie ile jina, utapumzika."

"Ile jina haiko nyanya."

"Ni jina tu. Weye utaita kitu yako jina ingine."

"Kama ni jina tu, patron, juu ya nini umetoka ku nyumba yako na shati ya misa kuja kuitafuta huku?"

Adolphe hakukasirika. Aligonga mlango wa kibanda mara moja kwa kidole, kama anayepima ubao, akaondoka.

Aliyemwandikishia Denise jina lile alikuwa Serge, mwenye cyber, duka dogo la intaneti, karibu na soko kuu. Jina la tovuti halinunuliwi likawa lako milele. Unalikodi kutoka kampuni fulani ya mbali, na kila mwaka unalipa tena. Serge alikuwa wakala wa kampuni hiyo mjini. Kila mwaka Denise alikuwa akilipa kiasi cha kununulia kuku.

Mwaka ule Serge alimwita, akamgeuzia kompyuta. Bei ilikuwa ya pikipiki mpya.

"Umekosea," Denise alisema.

"Sikukosea, dada. Compagnie imebadilisha mambo. Mbele majina yote yalikuwa bei moja. Sasa mashini inaangalia: watu gani banatafuta hii jina, wako wengi namna gani, nani anaitaka. Kisha inapandisha. Jina yenye hakuna mutu anatafuta inabakia palepale. Yako imepanda juu ya vile watu banaipenda."

"Kwa hiyo njo kazi yangu inanifunga?"

"Njo vile."

"Na kontra yenye nilisaini?"

"Kontra inasema bei inaweza kubadilika. Iko chini kabisa. Miye pia sikuisomaka."

Denise aliikazia macho ile bei kana kwamba ingeona haya na kushuka. Serge alikuna shingo.

"Kuko kitu ingine. Kuko mutu anaulizaka hii jina kila siku, anasema niko tayari kulipa. Kila akiuliza, mashini inaona jina iko na moto, inapandisha tena. Siwezi kukuambia ni nani."

"Usiniambie. Namujua."

Osée ndiye aliyezunguka na kofia kwenye parking zote. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, asiyejua kuona aibu, na madereva walichanga. Wengine walitoa mafuta ya gari, wakayauza palepale. Walipofika kwa Serge na fedha ya pikipiki, bei ilikuwa imekwisha kuwa ya kiwanja. Osée alipiga meza kwa ngumi mpaka kalamu zikaruka.

"Hii ni wizi!"

"Sio miye, ndugu yangu. Sio miye," Serge alisema, akishika kompyuta isianguke.

Siku ya mwisho ya kulipa ilipita. Alasiri yake Njia ya Leo ilifunguka ikiwa na rangi zilezile na maandishi yaleyale, ila chini kulikuwa na namba ya simu ya Adolphe. Buti na mpini wa jembe havikumtoa Denise kwenye jina lake. Bei ilimtoa, bila mtu kuvunja mlango.

Alifungua tovuti nyingine kwa jina jingine, lakini watu walikuwa wamezoea lile la kwanza kama walivyozoea njia ya kwenda kisimani. Wengine waliiona ya pili wakasema ni ya matapeli wanaoiiga Njia ya Leo. Na Njia ya Leo sasa ilikuwa nyekundu kila siku. Nyekundu ya Komanda, nyekundu ya Mahagi, nyekundu ya Gety, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Malori yalipanga mstari nyuma ya gari la Adolphe, yakilipa alichotaka. Chumvi ikapanda, mafuta ya mawese yakapanda. Wenye lori mojamoja walishindwa mmoja baada ya mwingine, na aliyenunua malori yao kwa bei ya chuma chakavu alikuwa Adolphe. Osée alikataa kuuza lake. Alimpigia Denise kila safari, akapita alipoambiwa pita, akalala alipoambiwa lala.

Kisha, asubuhi moja ya msimu wa mvua, Njia ya Leo ikageuka kijani.

Osée alikuwa Mambasa na lori limejaa ndizi, mawese na abiria waliopanda tangu Niania. Denise alikuwa amepata simu mbili kutoka vijiji vya karibu na Komanda: watu wenye silaha wamevuka barabara alfajiri, na wanavijiji wanakimbia wakiwa na magodoro vichwani. Akampigia shemeji yake Osée haraka.

"Semeki, usitoke. Bakia Mambasa."

"Njia ya Leo iko kijani."

"Haiko miye tena, Osée. Unajua haiko miye!"

"Miye najua. Hawa watu hawajui." Osée alikuwa ameweka simu kwenye sauti kubwa ili abiria wasikie. "Ongea nao weye mwenyewe."

Denise alianza kueleza, lakini sauti za watu zilimfunika. Mwanaume mmoja alisema wamesubiri kijani wiki nyingi, sasa imekuja, wanangoja nini? Mama mmoja akasema mgonjwa wake hatafika hospitali Bunia akiwa hai.

"Ni nani ule mwanamuke?" mwingine aliuliza.

"Miye njo nilianzisha Njia ya Leo!" Denise alipiga kelele. "Miye mwenyewe! Jina balininyang'anya! Ile kijani iko bongo, iko uongo!"

Wakacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau sana, kilikuwa cha watu waliochoka. "Kila mutu anasema vile, mama," mwanaume wa kwanza akajibu. "Njia ya Leo haijatudanganya hata siku moja. Weye tunakujua wapi?"

"Semeki," Osée alisema, sasa simu ikiwa sikioni, "wanasema nikikatala watapanda gari ingine. Nitaenda polepole. Nikiona kitu, nitageuka."

"Osée..."

"Musalimie muke wangu Vanessa."

Hakupata nafasi ya kugeuka. Kabla ya Komanda, mahali pa kona na matope, mti ulikuwa umelazwa njiani. Osée alipokanyaga breki risasi zilipasua kioo, naye akafa akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Lori liliteleza likajikita kwenye mtaro. Waliokuwa juu ya mizigo waliruka, na walioruka upande wa kulia walikutana na mapanga. Kelele zilisikika hadi mashambani. Yule mwanaume aliyemjibu Denise alikatwa akiwa amepiga magoti, simu bado iko mkononi. Mama mwenye mgonjwa alimlalia mgonjwa wake, na wote wawili wakauawa hivyo hivyo. Kisha mawese yakamwagiwa petroli, na moto ukapanda kuliko miti. Walionusurika walikuwa wachache, waliojitupa upande wa kushoto na kulala ndani ya maji ya mtaro hadi wauaji walipoondoka.

Wa kwanza kufika pale alikuwa Orly, dereva wa Adolphe mwenyewe, akiongoza malori ya bosi wake yaliyokuwa yakifuata kutoka Niania. Aliwapakia majeruhi, akawapakia na wafu, akaendesha hadi Bunia bila kusimama. Alipofika parking alishuka mikono yake ikiwa na damu hadi viwiko, akaketi chini katikati ya watu, akaanza kusema bila kuulizwa.

"Patron alitupigia jana. Alisema: mungoje. Muache wengine bapite mbele. Kama bamefika, njia iko wazi, mutawafuata. Kama habafike, mutabakia." Alijipiga kifua. "Njo maana aliweka kijani. Alitaka batu ya kufungua njia. Miye nilijua. Miye nilingoja mupaka nikaona moshi."

Vanessa, mke wa Osée, alikuwa amesimama kando ya mwili wa mume wake. Yeye na Denise walikuwa wamelia pamoja, wameshikana, tangu lori lilipoingia. Aliposikia maneno ya Orly alimwachia Denise mkono. Akachukua jiwe.

Parking nzima ilimfuata. Walipita bulvari, barabara kuu ya mji, wakiongezeka kila njia panda, na walipofika depo ya malori ya Adolphe walikuwa umati usio na mwisho. Walinzi walipiga risasi hewani, halafu wakapiga ndani ya watu. Kijana mmoja alianguka akiwa ameshika shingo. Umati haukurudi nyuma. Uliruka ukuta kama maji. Yule mwenye buti walimburuta kutoka chini ya gari, wakampiga kwa mawe na vyuma mpaka hakuna aliyeweza kusema ni nani. Mlinzi mwingine alikufa getini. Malori yote yaliwashwa moto, hata yale ambayo wiki chache nyuma yalikuwa ya watu waliokuwa wakiyachoma. Lakini Adolphe mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, na jioni ile mtu alimwona Mahagi akielekea mpakani.

Umati uliokosa mtu wake ni kitu cha kuogopa zaidi. Sauti ya Vanessa ilisikika juu ya moto: "Nani alimuuzishia jina?"

Denise alikuwa amebaki nyuma na maiti ya Osée. Aliposikia watu wakikimbia kuelekea soko kuu aliwaza mara moja: Serge. Akakimbia kwa njia za nyuma, mkono mbovu ameubana kifuani. Alipofika cyber ilikuwa imekwisha. Viti viko nje, vioo viko nje, na Serge amelala barabarani, jicho moja limepasuka na damu imemjaa mdomoni. Wawili walimshika miguu. Wa tatu alikuja akivingirisha tairi, na nyuma yake mtu mwenye chupa ya petroli.

Denise alipenya katikati yao. Alijitupa juu ya Serge, akamfunika kichwa kwa mwili wake.

"Toka!" watu walipiga kelele.

"Mukimuchoma, munichome naye."

Vanessa alisogea. Mkononi alikuwa na nusu ya tofali. "Weye? Osée amelala kule, na weye unakumbatia mwenye alimuuwa?"

"Serge hakumuuwa. Serge hakuweka bei. Alikalaka hapa mulangoni tu, Vanessa. Bei inatoka mbali."

"Mbali wapi? Sema! Tuende kule!"

"Sijue."

"Nani anaiweka? Jina yake nani?"

"Mashini," Denise alisema, na alijisikia mjinga kulisema neno hilo mbele ya mjane. "Kuko mashini, na watu nyuma yake. Siyajue majina yao. Hawajui kama Bunia iko. Nami ningekuwa najua pa kwenda, ningekwenda mbele yako."

"Kwa hiyo Osée amekufa bule? Hakuna mutu?"

"Adolphe njo mutu. Amekimbia. Huyu sio Adolphe."

Vanessa alitupa tofali. Pengine alikuwa amemlenga Serge, pengine hakulenga. Lilimpiga Denise kwenye taya, meno yakaruka, akajikunja lakini hakumwachia Serge. Alitema damu kwenye lami, akakazia mikono. Vanessa aliitazama damu ile. Kisha akakaa chini, pale pale, akapiga ukelele mrefu mmoja ambao ulinyamazisha barabara nzima. Mwenye petroli aliiweka chupa chini. Waliomshika Serge miguu wakaiacha, mmoja akafuta mikono kwenye suruali. Mtu akaleta mkokoteni, na Denise na Serge wakasukumwa hospitali wakiwa wamelala bega kwa bega.

Osée na wenzake walizikwa. Kesi haikufunguliwa. Adolphe alibaki ng'ambo, na Njia ya Leo ilibaki yake. Kijani iliendelea kuwaka pale bila mtu wa kuibadilisha. Serge, jicho moja limefungwa kwa bandeji, aliangalia bei ya jina lile kutoka kitandani. Ilikuwa imepanda hadi kuwa ya nyumba ya matofali. Wiki ya mazishi watu wengi sana walikuwa wamelitafuta wapate kujua nani amekufa, na mashini ikahesabu kwamba jina limezidi kupendwa.

"Usinionyeshe," Denise alisema, akiongea kwa shida na taya iliyofungwa waya.

Serge alitafuta hadi akapata kampuni nyingine, ndogo, iliyokubali kuandika kwenye mkataba bei moja kwa miaka kumi. Safari hii aliusoma hadi mstari wa mwisho, na akamsomea Denise. Denise alichagua jina refu, baya, lisilo na ladha mdomoni, ili asitokee tajiri wa kulitamani. Madereva walilalamika kwamba halikumbukiki. Aliwaambia waandike kwenye milango ya magari. Wachache waliandika. Waliobaki, na hasa wageni kutoka Niania, waliendelea kufungua lile la zamani, na kuna waliokufa kwa sababu hiyo.

Vanessa hakumsalimu Denise mpaka mvua zikaisha. Wakikutana kanisani alipita upande mwingine. Kisha asubuhi moja akaja parking, akasimama mlangoni mwa kibanda bila kuingia.

"Njia ya Komanda namna gani leo?"

"Mubaya," Denise akajibu. "Watu balionekana tangu jana."

Vanessa alitazama malori yaliyokuwa yakiunguruma, abiria wakipanda juu ya mizigo. "Hawa bamefungua ile ingine. Iko kijani."

"Najua. Nimewaambia. Banasema weye tunakujua wapi."

"Miye batanijua."

Aliwaendea. Denise alimwona akizungumza na dereva wa lori la mbele, akionyesha kwa mkono, na dereva akimtukana kwa sauti iliyofika hadi kibandani. Vanessa alipanda ngazi ya lori, akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo. Dereva alimpiga kofi. Alishuka, damu ikimtoka puani, akaingia na ufunguo katikati ya umati wa wanawake wa soko, nao wakamzunguka ili dereva asimfikie.